Skipton, Bakewell au Bridgnorth? Nina wageni mwezi wa nane

Mama Rukia, Jumanne saa 2:40 usiku

Habari za jioni ndugu zangu. Mdogo wangu anakuja na familia yake kutoka Tanga mwezi wa nane. Mara ya kwanza alipokuja tulizunguka London siku nne, miguu ikavimba, watoto wakalia kwenye treni za chini ya ardhi. Safari hii kasema mwenyewe: "Dada, nipeleke mji mdogo wenye gulio, nione Waingereza wanavyoishi." Watoto nao wapate pa kuchezea hapo karibu.

Nimechuja nikabaki na mitatu: Skipton kule Yorkshire, Bakewell ya Derbyshire, na Bridgnorth ya Shropshire. Nyumba za kupanga za mwezi wa nane zinakwisha haraka, nataka nilipe kabla ya Ijumaa. Mliowahi kufika nisaidieni.

Kipanga_Leicester, saa 2:55 usiku

Dada, nusu ya habari umebaki nayo. Watoto wangapi, wa umri gani? Gari mnalo au mnategemea treni? Mnatokea mji gani? Mtakaa siku zipi za wiki?

Swali la siku ndilo kubwa kuliko yote. Bakewell gulio lao ni Jumatatu. Bridgnorth ni Jumamosi. Skipton wana Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Ukifika Bakewell Alhamisi utakuta maduka na watalii, soko hulioni. Ni kama umpeleke mtu Lushoto siku isiyo ya soko halafu umwambie aone watu wa milimani.

Mzee wa Reli, saa 3:10 usiku

Bridgnorth, binti yangu. Usihangaike.

Pale ndipo inapoishia reli ya Severn Valley, maili 16 za gari moshi la kweli kutoka Kidderminster, linalokula makaa na kutema mvuke. Kama mko Birmingham mnapanda treni ya kawaida mpaka Kidderminster, stesheni ya gari moshi iko hapo hapo pembeni. Mnapita Bewdley, mnafuata mto Severn mpaka Bridgnorth. Na kabla ya Bewdley reli inapita kando ya hifadhi ya wanyama ya West Midland, mkibahatika mnawaona tembo dirishani.

Ushauri mmoja: tazameni ratiba kabla ya kukata tiketi. Mwaka 2025 tuta liliporomoka upande wa Bridgnorth, treni zikawa hazifiki mwisho kwa miezi kadhaa.

BintiMjiMkongwe, saa 3:22 usiku

Mie nipo Muscat lakini kila mwaka joto likizidi tunakuja huko, na Skipton tumeshalala mara mbili. Sokoni ni barabara moja pana, vibanda vimepangwa pande zote mbili juu ya mawe, na juu kabisa ya barabara ndio lango la ngome. Haki ya soko walipewa na Mfalme John mwaka 1204, na hadi leo mtu anauza jibini, soksi na miche ya maua pale pale.

Ngome ina paa lake zima, si magofu. Ilizingirwa miaka mitatu wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ikajisalimisha Desemba 1645. Wanangu walipenda ule ua wa ndani wenye mti mmoja uliopandwa mwaka 1659, wakauzunguka mpaka nikawaita kwa nguvu. Halafu mfereji unapita katikati ya mji, mnapanda boti nusu saa mnalisha bata kwa macho. Mimi siwezi kuwaambia watu waende pengine.

Shangazi_Coventry, saa 3:48 usiku

Jamani kabla ya kulipa chochote, nisikilizeni, maana hili lilinikuta na bado linaniuma.

Mwaka juzi mama mkwe alikuja kutoka Moshi. Nikasema nimtoe nyumbani, nimpeleke mji mdogo niliouona kwenye picha, siutaji jina. Tukaenda Jumapili kwa sababu ndiyo siku yangu ya mapumziko. Treni mpaka stesheni ya karibu, kisha basi. Tukashuka kwenye uwanja wa soko saa 7 mchana. Uwanja umejaa magari yaliyoegeshwa. Hakuna kibanda hata kimoja. Maduka ya vitambaa ambayo mama aliyasubiri wiki nzima yamefungwa.

Tukatafuta chakula. Tukapata baa moja ya chakula, tukaketi, binti akaja kutuambia jiko linafungwa saa 8 na nusu na oda ya mwisho imeshapita, litafunguliwa tena saa 12 jioni. Watoto wana njaa. Tukala biskuti na chai ya chupa niliyotoka nayo nyumbani.

Saa 11 jioni tukarudi kituoni. Ratiba imebandikwa kwenye nguzo, nikapita kidole kwenye mistari, nikaona basi letu, halafu chini kwa herufi ndogo: isipokuwa Jumapili. La Jumapili la mwisho lilikuwa limeondoka saa 10:50. Upepo umeanza. Nikapiga simu ya teksi, nikaambiwa ningoje saa nzima, na ilipokuja tukalipa pauni 48 kwa mwendo wa dakika 25.

Mama mkwe hakulalamika hata mara moja. Alifungua kitenge chake akamfunika mjukuu, akatazama barabara ile ndefu iliyo tupu, akaniuliza: "Mwanangu, hapa watu wako wapi?" Sikuwa na jibu. Amesharudi Moshi, na Uingereza ya vijijini kwake ni ile nguzo ya basi.

Kwa hiyo Mama Rukia, Jumapili usiende bila gari. Popote.

Kipanga_Leicester, saa 3:59 usiku

Pole sana Shangazi. Hili la jiko kufungwa mchana ni la nchi nzima, wageni hawalijui. Na hata maduka makubwa ya vyakula Jumapili yanafunguliwa kwa muda wa saa sita tu kwa sheria. Nunueni vya kupika Jumamosi.

Mama Rukia bado hajajibu maswali yangu.

Mama Rukia, saa 4:15 usiku

Samahanini, nilikuwa nalaza mtoto. Mimi nipo Birmingham. Watoto wa mdogo wangu ni watatu: miaka 4, 9 na 13. Shemeji anaendesha, leseni anayo ya Tanzania. Tutakodi gari.

Nilisahau kusema, na mama anakuja. Goti linamsumbua, ngazi hawezi.

Kipanga_Leicester, saa 4:21 usiku

Ungeanza na hilo la mama!

Haya, hesabu: wewe, mdogo wako, shemeji, mama, watoto watatu. Hata mwanao wa kulazwa ukimwacha nyumbani, mko saba. Kodini gari la viti saba, na mjue mizigo haitapata pa kukaa. Kwa leseni ya Tanzania mgeni anaruhusiwa kuendesha hadi miezi 12, na upande wa barabara ni ule ule wa kushoto, hapo shemeji hana taabu. Lakini mtoto wa miaka 4 lazima awe na kiti chake, na wa miaka 9 pia kama hajafika sentimita 135. Hadi umri wa miaka 12 au urefu huo. Ulizieni viti siku ya kukodi, msingoje kufika.

Sasa goti. Bridgnorth kuna mji wa juu na mji wa chini, katikati ni jabali.

Mzee wa Reli, saa 4:30 usiku

Ndiyo, na juu ya jabali hilo kuna kireli cha mteremko tangu mwaka 1892, vigari viwili, kimoja kikishuka kingine kinapanda. Bibi anakaa kama malkia. Hakikisheni tu siku hiyo kinafanya kazi, maana kuna nyakati hufungwa kwa matengenezo. Juu kabisa ni tambarare: barabara kuu, jumba la mji la mwaka 1652 lililosimama juu ya matao katikati ya njia, magari yanapita chini yake. Na bustani ya ngome ina mnara ulioinama nyuzi 15, kuushinda ule wa Pisa. Mtoto wa miaka 9 atasimama chini yake ajifanye anausukuma.

BintiMjiMkongwe, saa 4:36 usiku

Skipton barabara kuu ina mwinuko kidogo tu. Ngome ina ngazi, hilo kweli, lakini bibi anaweza kukaa uani. Mkitaka pa watoto, Bolton Abbey iko karibu na mji, kuna magofu ya nyumba ya watawa wa zamani, mto, na mawe 60 hivi ya kuvukia yaliyopangwa majini. Wa miaka 13 atavuka mara kumi.

Ila nawasihi: juu zaidi mto ule ule unabanwa kwenye mwamba, wanapaita Strid. Unaonekana kijito cha kuruka. Chini ni shimo refu na maji yanavuta, watu wamekufa pale. Mshikeni mkono huyo wa miaka 4, msikaribie ukingo.

Mama Rukia, saa 4:41 usiku

Hilo la Strid limenitisha. Asante dada. Na hiyo hifadhi ya wanyama karibu na Bewdley, inafaa?

BintiMjiMkongwe, saa 4:45 usiku

Mtu atoke Tanzania, apande ndege, alipe viza, alipe kiingilio, akaangalie twiga Uingereza? Hapana, mwenzangu. Twiga kwao ni Tanzania.

Shangazi_Coventry, saa 4:58 usiku

Dada yangu wa Muscat, hapo nitakupinga kwa moyo wote. Mimi nimezaliwa Tanga, nimekulia Tanga. Saadani iko hapo hapo, na sikuwahi kuingia. Nani alikuwa na gari? Nani alikuwa na hela ya kulala hifadhini? Shule ilipanga safari mara moja, baba hakuwa na mchango. Twiga wa kwanza kumwona kwa macho yangu ni wa hapo Bewdley, nikiwa na miaka 31. Aliinamisha shingo mpaka kwenye kioo cha gari, kope zake ndefu, ulimi mweusi. Nililia, mume wangu akaogopa.

Watoto wengi wa kwetu wanamjua twiga wa kwenye picha na fulana tu. Mama Rukia, wapeleke. Mnabaki ndani ya gari, na bibi goti lake limepumzika.

BintiMjiMkongwe, saa 5:04 usiku

Nimekuelewa. Unisamehe, sikulifikiria kwa upande huo.

Kipanga_Leicester, saa 5:10 usiku

Wazo la hifadhi za kupita na gari lilianza huko huko Uingereza, Longleat mwaka 1966, ya kwanza nje ya Afrika. Ya West Midland ilifuata 1973. Longleat kwenu ni zaidi ya saa mbili, achaneni nayo.

Mimi lakini ningependa mfikirie Melton Mowbray. Gulio Jumanne, na bustani ya michezo ya Twinlakes iko hapo hapo, kuna bembea na vyombo vya maji kwa wadogo. Karibu saa moja na robo kutoka Birmingham, hamhitaji hata kulala.

BintiMjiMkongwe, saa 5:13 usiku

Mji wa mkate wa nguruwe huo! Unawapeleka watu wa Tanga?

Kipanga_Leicester, saa 5:17 usiku

Wana jibini la Stilton pia, na hakuna anayelazimishwa kula. Mimi Mwislamu, naenda kila mwaka. Hata Bakewell ile pudingi yao ya jamu, mayai na lozi ni tamu, lakini uliza kwanza unga wake wamekanda na mafuta gani, huku hutumia ya nguruwe mara nyingine. Katika mji mdogo wowote, samaki na chipsi uliza wanakaangia nini.

Na Bakewell hakuna aliyeitetea hadi sasa. Wana kasri la Chatsworth jirani, lina shamba la mifugo la watoto na uwanja mkubwa wa kuchezea. Reli hawana tangu 1968, njia yake wameifanya ya baiskeli, maili 8 na nusu, inapita ndani ya mahandaki. Kwa huyo wa miaka 13 sijui pazuri zaidi ya hapo.

Mzee wa Reli, saa 5:25 usiku

Reli wakaing'oa, wakaweka baiskeli. Haya.

Mdogo wako akipita Nairobi mwambie aingie makumbusho ya reli. Kuna injini mbili za mvuke, aina ya Garratt daraja la 59, moja inaitwa Mount Gelai, nyingine Mount Shengena. Milima ya kwetu yote miwili, na zote zilitengenezwa Manchester, kwenye kiwanda cha Beyer, Peacock. Baba yangu alikuwa fundi karakana ya Tabora, mikono yake ilinuka mafuta hata Ijumaa baada ya kuoga. Ndiyo maana nikipanda lile gari moshi la Severn likapiga honi, nakaa kimya kidogo.

Shangazi_Coventry, saa 5:31 usiku

Shikamoo Mzee. Baba yangu naye alikuwa relini, Tanga kwenda Moshi. Alikuwa karani wa tiketi.

Mzee wa Reli, saa 5:33 usiku

Marahaba mwanangu. Stesheni ipi? Korogwe namjua kila mtu wa miaka ile.

Mama Rukia, saa 5:40 usiku

Nimeongea na mdogo wangu sasa hivi. Anasema tiketi za ndege za bei nafuu zinawafikisha Jumapili usiku na wanataka tuondoke Birmingham Jumatatu hiyo hiyo, kwa hiyo Jumamosi ya Bridgnorth itakuwa siku yao ya kurudi. Naona Bakewell imefufuka. Au Skipton. Mama yeye kauliza tu kama kwenye hilo gulio wanauza kuku wa kienyeji.

Kipanga_Leicester, saa 5:44 usiku

Wazima wazima? Bakewell Jumatatu kuna mnada wa mifugo, ng'ombe na kondoo. Kuku sijawahi kuona.

Shangazi_Coventry, saa 5:52 usiku

Mombo, Mzee. Alikaa Mombo miaka kumi na moja.