Anazimia akisimama muda mrefu au akitolewa damu: ni kifafa?

zamu_usiku:
Wakuu, habari za kazi. Binti wa miaka 19 amezimia mara nne: mbili kwenye foleni, moja akitolewa damu, moja alipotoka kuoga maji ya moto. Huanza na kichefuchefu, kijasho chembamba na giza machoni. Safari ya mwisho mikono ilirukaruka, ndugu wakasema kifafa. Huzinduka kabla ya dakika kuisha, akili timamu. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) wameandika "kawaida". Apigwe picha ya ubongo? Na dawa gani?

mapigo72:
Picha ya ubongo ya nini? Historia hiyo ni ya kuzimia kwa refleksi: neva ya vagasi inapunguza mapigo ya moyo, mishipa ya damu inalegea, presha inaporomoka, ubongo unakosa damu. Ubongo ukikosa damu, misuli nayo hurukaruka. Waulize walioshuhudia mikono ilirukaruka mara ngapi: chini ya 10 huelekea kuzimia, zaidi ya 20 kifafa. Uliza pia kama walimshikilia wima, maana hapo mirusho huzidi. Kung'ata ubavu wa ulimi na kuchanganyikiwa muda mrefu baada ya kuzinduka ndiyo ya kifafa. EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) isiyo na sababu ni mtego. Kasoro ndogo tu, mtu anameza dawa za kifafa miaka.

Mpime presha na mapigo akiwa amelala dakika 5, kisha asimame, rudia dakika ya 1 na ya 3. Wengi huanza kumpima mgonjwa akiwa ameketi, na mshuko hauonekani. Ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, ni presha kushuka kwa sababu ya kusimama: tafuta upungufu wa maji, damu au dawa anazotumia. Presha isiposhuka lakini mapigo yanakwenda mbio, endelea hadi dakika ya 10. Kwa umri wake, kuongezeka kwa mapigo 40 au zaidi kwa dakika ni tatizo jingine (POTS, mapigo kupanda mno mtu akisimama).

Na hiyo ECG isome mwenyewe: QT ndefu (moyo kuchelewa kujichaji umeme), wimbi la delta (njia ya ziada ya umeme, WPW), na V1 hadi V3 (dalili za Brugada, kasoro ya umeme wa moyo ya kurithi).

bi_kliniki:
Naongezea hemoglobini na kipimo cha mimba. Akiwahi kuzimia akikimbia au akiwa amelala, au ndugu alikufa ghafla kijana, aende kwa daktari wa moyo kwanza. Kitanda cha kuinamisha (mgonjwa hufungwa juu yake kisha huinuliwa ili kuona kama atazimia) tungekihitaji kama historia ingekuwa na utata; hapa sioni haja.

Tiba yenyewe ni mafunzo. Dalili zikianza tu, apishanishe miguu, akaze mapaja, makalio na tumbo, au afumbate mikono na kuivuta kwa nguvu pande mbili. Ikishindikana alale chini, miguu juu. Ndugu wasimwinue haraka, atazimia tena. Maji lita 2 hadi 3 kwa siku. Damu itolewe akiwa amelala.

zamu_usiku:
Asante bibie. Chumvi je?

bi_kliniki:
Aongeze, mradi hana presha ya juu, figo wala moyo.

mapigo72:
Dawa iwe ya mwisho. Vizuizi vya beta (dawa za kupunguza mapigo ya moyo) havisaidii kundi hili. Midodrini (dawa ya kubana mishipa ya damu) huanza mg 2.5 mara tatu kwa siku, dozi ya mwisho angalau saa 4 kabla ya kulala, kwa sababu hupandisha presha ya mtu aliyelala.