Audi A3 au BMW 1 Series iliyotumika: nikague nini kabla ya kulipa?

mnunuzi_makini:
Wakuu, habari zenu. Natafuta hatchback ndogo ya daraja la juu, iliyotumika. Nimebakiwa na mbili: Audi A3 Sportback ya 2014, 1.4 TFSI (petroli) yenye S tronic, na BMW 118d (dizeli) ya 2013, nayo otomatiki. Kila moja imetembea kama kilomita 110,000, na kwa macho zote ni safi. Nianzie wapi kukagua? Ipi itanimaliza mfukoni?

fundi_gia:
Mkuu, kwenye A3 achana kwanza na rangi na viti, anza na giaboksi. S tronic ya hiyo 1.4 ni ya gia 7 yenye klachi mbili kavu, mafundi wanaiita DQ200. Inasumbua sehemu mbili: klachi zenyewe, na mekatroniki, yaani kisanduku cha umeme na haidroliki kinachobadilisha gia. Ndani yake kuna chombo cha kutunza presha ya oili. Sehemu kinapofungwa hupasuka, presha inakimbia, gari inakataa kuingia gia. Kompyuta ya kupimia gari ikitoa namba ya hitilafu P17BF, usilipe kabla hujajua gharama ya mekatroniki.

Ijaribu ikiwa ya moto. Endesha dakika 20 kwa mwendo wa kusimama na kuondoka, kwa sababu giaboksi ya baridi huficha ugonjwa. Kisha simama tambarare, weka D, achia breki bila kukanyaga mafuta: inatakiwa ijivute yenyewe polepole. Ondoka kwa mafuta kidogo, sikiliza inapotoka ya kwanza kwenda ya pili. Ukihisi mtetemo mpaka kwenye kiti, klachi zinaelekea mwisho. Rudia kwa rivasi kwenye mwinuko, hapo ndipo klachi mbovu haijifichi kabisa.

Injini yenyewe ni nzuri. Inatumia mkanda wa taiming (unaofanya vali zifunguke kwa wakati wake), si mnyororo. Angalia tu nyumba ya thermostati, ya plastiki, upande wa giaboksi: ukiona ukoko wa waridi, kulanti (maji ya kupozea injini) inavuja.

mzee_wa_dizeli:
Naongeza ya 118d. Mwaka huo ina injini ya N47, na tatizo lake kubwa ni mnyororo wa taiming. Umewekwa nyuma ya injini, upande wa giaboksi, hivyo kuubadilisha ni lazima giaboksi au injini ishuke. Pesa nyingi inaliwa na kazi, vipuri ni sehemu ndogo tu.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti, iwe baridi. Fungua boneti, mtu mwingine awashe, wewe sikiliza nyuma ya injini, karibu na kioo cha mbele. Mlio wa kusaga au kukwaruza unaopanda na mzunguko wa injini, hasa kati ya 1,500 na 2,000 kwa dakika, ni mnyororo. Hapo ondoka tu. Ukikatika unaua injini, na punguzo la bei halifidii.

Giaboksi yake, ZF ya gia 8, ni imara kuliko DQ200. Wengi wanaambiwa oili yake haibadilishwi maisha; ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) ni ya plastiki na filta imo humo humo, kwa hiyo hubadilishwa pamoja.

mnunuzi_makini:
Asanteni sana. Safari zangu nyingi ni fupi, za mjini. Na nyuma watakaa watoto wawili.

mzee_wa_dizeli:
Basi dizeli iache. Filta ya masizi inahitaji safari ndefu ili ijichome. Kwa safari fupi itaziba, na oili ya injini itachanganyika na dizeli.

fundi_gia:
Kwa watoto pia A3 inafaa zaidi. BMW inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, hivyo sakafu ina mgongo mkubwa katikati na miguu inabanwa. Buti ni lita 380 kwa A3 Sportback, 360 kwa BMW. Tofauti ni ndogo, hiyo isikuamulie.

Ila foleni ndiyo adui wa klachi kavu. Ukipata A3 hiyo hiyo ya gia za mkono, chukua hiyo. Ukibaki na S tronic, fundi asome vipimo vya klachi zote mbili kwa kompyuta, na uone risiti ya kazi yoyote iliyofanywa kwenye giaboksi. Muuzaji akikataa kompyuta ichomekwe, tafuta nyingine.