Walimu mliofundisha nje ya nchi, shusheni mikasa yenu hapa

Mwalimu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salama? Najua humu kuna wengi waliowahi kushika chaki ughaibuni, na wengine bado wako huko. Tupeane uzoefu, ila si ule wa vyeti na mishahara, huo umeshajadiliwa hadi umechakaa. Nataka vituko. Ile siku uliyotamani ardhi ipasuke uingie.

Naanza na wangu. Nilikuwa mwalimu msaidizi wa Kiingereza Japani, mkoa wa Nagano, shule ya watoto wa miaka 12 hadi 15. Ukifika mlangoni unavua viatu vya nje, unavaa vya ndani. Hilo nililisoma kabla sijapanda ndege, nikajiona mjanja. Nisilolisoma ni kwamba choo nacho kina ndala zake. Vya ndani unaviacha mlangoni mwa choo, unavaa zile, ukitoka unabadilisha tena.

Siku ya tatu nilipangiwa kujitambulisha kwenye kikao cha walimu cha asubuhi. Usiku kucha nimekariri sentensi tano za Kijapani. Dakika mbili kabla ya kikao tumbo likanikumbusha kwamba nina woga, nikakimbilia chooni, nikatoka mbio, nikaenda moja kwa moja mbele ya walimu wote. Sentensi zangu nikazimwaga bila kukwama hata moja. Kisha nikainama, tena nikainama sana ili wajue nina adabu. Kule chini ndiko nilikokutana nazo: ndala za plastiki, rangi ya kahawia, juu zimeandikwa TOILET kwa herufi za dhahabu.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Makamu wa mkuu wa shule alitoka kimya kimya, akarudi na viatu vyangu, akaviweka sakafuni kwa mikono miwili, visigino vimenielekea mimi, ili nitumbukize miguu tu. Halafu kikao kikaendelea kwa habari ya ratiba ya mitihani.

Na takataka je? Kule nilikokuwa, unachambua uchafu, kila aina na siku yake, mfuko lazima upenyeze macho, na jina lako unaliandika juu. Nikaweka chupa za plastiki bila kutoa vifuniko wala karatasi za lebo. Gari likapita, likachukua mifuko ya mtaa mzima, wangu likauacha na stika nyekundu. Ukakaa pale kutwa, jina langu likitangazwa kwa kila mwanafunzi aliyepita. Kesho yake kijana mmoja ambaye tangu nifike hajawahi kunijibu hata salamu kwa Kiingereza, akanyoosha mkono, akasema kwa matamshi safi kabisa: “Mwalimu, kifuniko unatoa.”

Haya, nani anafuata?

Dada Chaki

Hahaha, hao wa kukurudishia viatu kwa heshima ndio wanaoua zaidi.

Mimi nilikuwa Thailand. Mkataba nimeletewa mezani, naangalia tarehe ya mwisho: mwaka 2563. Nikamwambia yule dada wa ofisi, mpenzi, mimi nimeomba mwaka mmoja, si karne tano. Akanitazama kwa huruma. Kumbe wao wanahesabu kwa kalenda ya Kibudha, unaongeza 543 kwenye mwaka wetu. 2563 ni 2020 tu.

Lingine ni wimbo wa taifa. Unapigwa kila siku saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Shuleni niliuzoea, tunasimama mstarini na watoto. Sikujua kwamba hata kwenye bustani ya kupumzikia unapigwa. Siku hiyo jioni nafanya mazoezi ya kukimbia, ghafla watu wote wakaganda, aliyekuwa anakimbia kasimama, aliyekuwa anaruka kamba kasimama. Nikajua kuna nyoka. Nikaongeza mbio! Mzungu mmoja mzee ndiye aliyenishika bega akanisimamisha.

Kaka Toni

China, miaka miwili. Kwa kifupi: neno la “kuuliza” ni *wen*, na neno la “kubusu” ni *wen*. Tofauti yao ni toni tu. La kwanza sauti inashuka, la pili inabonyea chini kisha inapanda. Mimi nikabonyeza. Mbele ya mkuu wa idara, mama wa watu mwenye wajukuu, na walimu wanane wakisikia, nikamwomba ruhusa ya kumbusu. Akajibu: “Uliza.” Huyo mama Mungu ampe maisha marefu.

Ila lililonigharimu ni Jumamosi ya kulipa. Likija juma la sikukuu ya taifa, Oktoba 1, watu wanapumzika siku nyingi mfululizo, lakini baadhi ya siku hizo si za bure. Serikali inageuza Jumamosi au Jumapili jirani kuwa siku ya kazi. Wenyeji wote wanajua, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kumwambia mgeni. Mimi nipo kwenye treni, mji wa pili huo, begi mgongoni, simu inaita: “Mwalimu, darasa la Jumatano linakusubiri.” Nikamjibu leo ni Jumamosi. Akasema ndiyo, Jumamosi ya Jumatano.

Mwalimu wa Zamu

Jumamosi ya Jumatano 😂😂 Nimecheka hadi jirani kagonga ukuta.

Babu Lektari

Nyie vijana mna bahati ya kuchekwa. Mimi niligongewa meza.

Nilikwenda Ujerumani kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Ratiba inasema somo saa nne asubuhi. Nikafika saa nne kasoro kumi, nikafuta ubao, nikakaa. Saa nne kamili, hakuna mtu. Na hawa ndio tulioambiwa saa zao hazikosei! Saa nne na dakika kumi, hakuna mtu. Nikaanza kujiuliza kama wameambiana wanisusie. Nikakusanya vitabu, natoka, nikapishana nao mlangoni wanaingia kwa raha zao, saa nne na robo. Kumbe pembeni ya saa palikuwa na herufi mbili ndogo, “c.t.”, Kilatini hicho, maana yake robo saa ya hisani. Ukikuta “s.t.” ndipo unaanza kamili.

Basi nikafundisha. Namaliza, nasema asanteni, wote kwa pamoja wakaanza kugonga meza kwa konzi. Ko-ko-ko-ko. Vijana ishirini. Nikajua nimefukuzwa. Nikasimama nangoja kiongozi wao aseme madai. Mmoja akaniuliza, “Mwalimu, kuna kazi ya nyumbani?” Ndiyo makofi yao hayo.

Halafu msidhani sisi ndio wa kwanza. Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mswahili wa pwani yetu, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1905 akataka kurudi na mke wake Mjerumani, meli ilipofika Dar es Salaam serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka. Wakarudishwa walikotoka. Alifia huko huko Berlin mwaka 1927. Kila nikigongewa meza nilikuwa namkumbuka yeye.

Dada Chaki

Babu umetunyamazisha.

Bi Saa Nne

Ngoja nirudishe kicheko kidogo. Niko Marekani, nafundisha Kiswahili mwaka wa kwanza. Kufundisha saa ndiyo jehanamu yangu. Nimechora saa ubaoni, nimewaambia asubuhi ikianza tunaanza kuhesabu upya, wameitikia kwa vichwa. Kisha nikawatumia ujumbe: “Tuonane maktaba Jumamosi saa nne asubuhi.” Nimefika, wamekuja saba, mmoja hayupo. Jumapili ananiandikia kwa unyonge kwamba aliweka kengele, akaamka saa kumi za alfajiri, akasimama nje ya maktaba kwenye theluji mpaka miguu ikafa ganzi. Kila neno alilielewa, hata “asubuhi”. Nilimpa alama zote za somo la saa, ningefanyaje?

Huyo huyo aliandika kwenye insha: “Kila siku asubuhi ninaoa, kisha ninakunywa chai.” Herufi moja ya *g* imemfanya bwana harusi wa kila siku.

Na kengele za moshi za majumba yao, sitaki hata kuzikumbuka. Kikaango kimoja tu, jengo zima tupo nje saa nne usiku, wanafunzi wangu wanne wakiwemo, nao wananisalimia kwa Kiswahili, “Shikamoo mwalimu!”, mbele ya wazima moto.

Kalamu Nyekundu

Korea Kusini. Niliandika majina ya wanafunzi wote ubaoni kwa kalamu nyekundu. Kule jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa nyekundu, ni kama umemzika. Watoto 28. Nimezika darasa zima kabla ya saa tatu asubuhi.

Niliyerudi Mapema

Mimi langu halichekeshi. Wakala aliniambia niingie China kwa viza ya utalii, “itabadilishwa ukishafika.” Haikubadilishwa. Ya kazi ni Z, na unatoka nayo kwenu. Maofisa walipokuja kukagua kituo nilichofundisha, mwenye kituo alitupitisha mlango wa jikoni. Nimekaa wiki sita nikiogopa kila mlango unaogongwa, mwisho nikakata tiketi kwa pesa ya kukopa. Nimesema tu, maana najua kuna anayesoma hapa akiwa na tiketi mkononi.

Mwalimu wa Zamu

Pole sana mkuu, na asante kwa kuliweka wazi. Wanaoondoka walisome mara mbili.

Mgeni Mtarajiwa

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye huyo mwenye tiketi, lakini viza yangu ni ya kufundisha, nimeikagua tena sasa hivi baada ya kusoma hapo juu. Naenda Japani mwezi ujao. Nibebe nini?

Mwalimu wa Zamu

Marahaba. Viatu visivyo na kamba. Na kama mguu wako ni namba 45 kwenda juu, beba jozi tatu, madukani utazitafuta sana.