Rangi ya nywele imenivimbisha uso, naweza kudai fidia?

Wakuu habari. Juzi nimeenda saluni moja huku Majengo Dodoma kupaka rangi nyeusi, dada hakuniuliza chochote akapaka tu, usiku kichwa kikaanza kuwasha kama nimemwagiwa upupu, kuamka macho hayafunguki na masikio yanatoa majimaji. Hospitali wamenipa prednisolone, dawa ya kushusha uvimbe na mzio. Mwenye saluni ananiambia eti ni damu yangu ndo inakataa. Naweza kumshtaki anilipe?

Mzee wa Chang'ombe: Pole sana. Hiyo itakuwa PPD, kemikali ya kutia weusi, ipo kwenye rangi nyingi nyeusi na hata piko mnazopaka kwenye maharusi. Ushawahi kupaka piko ikakuletea shida? Mwili ukishaikataa basi tena.

Muuliza swali: Ndio mkuu, ilinitoa malengelenge mkono mzima

Wakili wa kijiweni: Hapo ndo watakukaba, watasema ulishajua mwili wako unaikataa. Ila kama boksi limeandikwa jaribu kwanza kwenye ngozi masaa 48 kabla na yeye hakujaribu wala kukuuliza, huo ni uzembe, kesi ipo. Tunza risiti, cheti cha daktari, picha, na hilo boksi kama hajalitupa. Usilale, madai ya uzembe mwisho miaka 3. Anza na barua ya madai, kesi baadae. Na kama boksi halina maelezo yoyote ripoti TBS (shirika la viwango), vipodozi viko kwao tangu 2019.

Binti Nkuhungu: Usitegemee mamilioni lakini shoga, saluni ya viti viwili itakulipa nini? Dai hela ya matibabu na siku ulizokosa kazi