Jarife au ringineti: naomba ushauri kabla ya kaskazi

Mweka Hazina (Umoja)
Salamu, wanajukwaa. Chama chetu hapa Nairobi kimekubaliana kununua zana za uvuvi wa baharini, nasi tunataka ziwe tayari kaskazi itakapoanza mwezi wa Novemba. Ndugu yangu aliyeko Pwani ndiye atakayesimamia kazi. Kati ya nyavu hizi mbili, tuchague jarife au ringineti?

Binti Gazi
Ndugu Mweka Hazina, hujataja ukubwa wa chombo, idadi ya mabaharia wala mahali mtakaposhushia samaki, na bila hayo hatuwezi kukushauri ipasavyo. Ringineti huzungushiwa kundi la una, samaki wadogo waendao kwa makundi, kisha kamba inayopita katika pete za chini huvutwa hadi wavu ufumbe; kazi hiyo inataka watu ishirini na zaidi, wakiwemo wapiga mbizi. Jarife hutegwa jioni na watu wachache, likavutwa alfajiri. Je, BMU ya huko, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, imewakubali?

Mzee wa Vanga
Mimi nasimama na ringineti. Kwetu uvuvi huo uliletwa na Wapemba, nao umelisha nyumba nyingi. Ikitumiwa nje ya mwamba, kwenye maji makuu, haigusi matumbawe.

Kayole
Mzee, shikamoo. Tatizo ni kwamba kusi inapovuma, vyombo vidogo hurudi ndani ya mwamba, na wavu huo hurudi navyo.

Niwaeleze yaliyotupata. Muuzaji mmoja alituuzia marobota ya nyavu, akituhakikishia kwamba ni za nyuzi zilizosokotwa. Zilipofunguliwa ufuoni, nahodha alichukua kipande akakiinua juani: uzi ulikuwa mmoja, mwembamba, unapenya mwanga, hauna msokoto wowote. Nyavu za namna hiyo zimepigwa marufuku Kenya tangu 2001, pamoja na juya, wavu wa kukokotwa hadi ufuoni. Muuzaji alikataa kurudisha fedha, akidai kwamba robota likishafunguliwa si lake tena. Mabaharia walioacha kazi nyingine kwa ajili yetu wakakaa bure msimu mzima, na chama kikavunjika kwa lawama. Vyovyote mtakavyochagua, robota lifunguliwe mbele ya muuzaji kabla hamjalipa.

Mhifadhi (South B)
Jarife nalo hunasa kasa na pomboo. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi imekataza nyavu za kuelea, kama jarife, zinazozidi kilomita 2.5, na tangu 2022 katazo hilo linahusu hata maji ya kiuchumi ya nchi wanachama, yaani sehemu ya bahari ambayo kila nchi ina haki ya kuvua.

Mzee wa Vanga
Jarife la mashua zetu halifikii urefu huo. Waulizwe kwanza wenye meli zinazokokota nyavu katika Ghuba ya Ungwana, waliosimamishwa 2006 wakarudi 2011.

Mweka Hazina (Umoja)
Nawashukuru. Chombo ni dau la mashine, na kituo ni Shimoni. Ndugu yangu atakutana na BMU wiki hii.

Binti Gazi
Basi atambue mapema mipaka ya hifadhi za bahari zilizo karibu: Kisite hakuruhusiwi uvuvi wowote, na Mpunguti ni kwa zana za asili pekee. Bado hujasema mabaharia ni wangapi. Na mkipata una wengi kwa mpigo mmoja, barafu itatoka wapi? Una huharibika upesi kuliko nguru, na kutoka Shimoni hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 500.

Mzee wa Vanga
Hakuna haja ya kuwaleta Nairobi. Mama karanga, wale wanawake wanaokaanga samaki na kuwauza, watawanunua wote pale pale ufuoni.

Kayole
Kwa bei gani, Mzee, siku ambayo madau yote yanarudi yamejaa?