Msaada: kuondoa ruti kwenye Galaxy S7 bila kupoteza picha za marehemu baba

Mhazini wa Kihonda

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, na mniwie radhi kama nitaeleza kwa kirefu.

Nina Samsung Galaxy S7, ile SM-G930FD ya laini mbili. Ilikuwa ya mdogo wangu, akaniachia alipohamia Mtwara kikazi. Yeye ni mtu wa kuchokonoa simu, aliiruti akiwa chuo, yaani aliifungua ili aweze kuingia kila sehemu ya mfumo wake. Mimi sikuwahi kujali, simu inapiga, inapokea, kamera yake mpaka leo nzuri.

Tatizo limeanza mwezi huu. Kikundi chetu cha VICOBA tumekubaliana michango ipite benki, tumechoka kulala na kasha la fedha ndani. Mimi ndiye mhazini. Nimepakua programu ya benki, naifungua, inaniambia kifaa hiki si salama, kisha inajifunga yenyewe. Nimefuta nimeweka upya mara tatu, hadithi ni ile ile. Mdogo wangu anasema ni kwa sababu ya ruti.

Fundi mmoja hapa mjini ametaka elfu arobaini na ameniambia wazi kila kitu kitafutika. Humo ndani mna picha za baba za miaka yake ya mwisho na sauti alizokuwa akinitumia WhatsApp. Sijalala vizuri tangu aniambie hivyo. Kikao ni Jumamosi. Je, ruti inaondoka bila kufuta vitu? Naweza kuifanya mwenyewe? Kompyuta ya kuazima ipo.

Nahodha wa Faili

Pole dada, na hongera kwa kuuliza kabla ya kubonyeza. Nijibu haya: ruti iliwekwa kwa programu ya Magisk au SuperSU (angalia ikoni kwenye orodha ya programu)? Ina TWRP, yaani rikavari (menyu ya kurekebisha simu kabla mfumo haujawaka) isiyo ya Samsung? Android ni namba ngapi? Na tafadhali, kwa sasa usiguse kitu chochote kwenye menyu ya wasanidi (Developer options kwenye mipangilio). Chochote.

Mhazini wa Kihonda

Ikoni ni ya Magisk. Mdogo wangu anasema TWRP ipo. Android ni 8.0.

Kijana wa Tegeta

Dada usihangaike kuondoa. Magisk ina sehemu ya kuficha ruti, unachagua programu ya benki, haitaona kitu. Mimi natumia hivyo.

Bi Salama

Kijana, sikubaliani nawe, na nitasema kwa nini.

Dada Mhazini, wewe ni mtu wa VICOBA, kasha la kufuli tatu unalijua. Funguo wanashika watu watatu tofauti ili asitokee mmoja wa kulifungua peke yake usiku. Android imejengwa kwa wazo linalokaribiana na hilo. Kila programu inapewa namba yake ya mtumiaji na folda yake, na nyingine haiwezi kuchungulia humo. Ruti ni mtumiaji namba 0, anaingia kila folda. Siku ukaruhusu programu moja mbaya itumie ruti, basi hiyo imeshika funguo zote tatu, na ya benki imo. Ndiyo maana benki inakataa.

Sasa kuficha: ni kweli inawezekana, lakini leo inafanya kazi, kesho programu ya benki inasasishwa na inagoma. Magisk wenyewe waliiondoa ile MagiskHide ya zamani kwenye toleo la 24 mwaka 2022, watu wakabaki kutafuta moduli za mitaani za kuziba pengo. Kwa fedha yako mwenyewe ni uamuzi wako. Kwa fedha ya wanakikundi waliokuamini, hapana.

Kijana wa Tegeta

Nimekuelewa Bi Salama. Sikuwa nimezingatia kwamba ni fedha ya kikundi.

Mwana wa Pangani

Naomba niweke la kwangu hapa kwa sababu lilinitoa machozi.

Nilikuwa na S7 kama hiyo. Nilitaka kurudi kwenye mfumo wa kiwandani, nikajiambia nianze kwa kusafisha: nikaingia menyu ya wasanidi, nikazima ile swichi ya OEM (inayoruhusu simu kuwekewa vitu visivyo vya Samsung), nikaona nimefanya jambo la maana. TWRP ilikuwa bado imo. Nikazima simu. Nilipoiwasha ikatoa maandishi mekundu, "Custom binary blocked by FRP lock", yaani kufuli la simu limezuia kitu kisicho cha Samsung, ikajizima. Ukiiwasha, yale yale. Kuingia rikavari, haiingii. Nilipeleka kwa fundi, akaweka fimwea (mfumo kamili wa kiwandani) ya Samsung na simu ikapona siku hiyo hiyo, lakini hakuniuliza lolote, akatumia faili linalofuta. Video ya mwanangu akianza kutembea ilikuwa humo tu.

Kwa hiyo neno la Nahodha la kutogusa menyu ya wasanidi lisikie, dada. Swichi ya OEM inabaki imewashwa mpaka ndani ya simu kusiwe na kitu chochote kisicho cha Samsung.

Nahodha wa Faili

Asante Mwana wa Pangani, pole sana kwa video. Ndilo nililokuwa naogopa.

Dada, jibu la swali lako la kwanza: ruti yenyewe inaweza kuondoka bila kufuta kitu. Unafungua Magisk, unagusa sehemu ya kuiondoa, unachagua kuondoa kabisa. Magisk haikugusa mfumo wenyewe, ilibadilisha sehemu ya kuwashia simu, kwa hiyo inarudisha nakala ya asili iliyohifadhi, kama ipo. Lakini kwa simu yako sikushauri uishie hapo. TWRP itabaki. Halafu hujui mdogo wako alibadilisha nini kingine miaka yote hiyo, na S7 ikirudishiwa sehemu ya kuwashia ya asili huku mfumo umechezewa, inaweza kubaki inazunguka kwenye nembo tu. Safisha moja kwa moja kwa fimwea kamili ya Samsung, na uhesabu kwamba simu itafutika. Kuna faili la HOME_CSC linalosifiwa kwa kubakiza vitu vyako, ila simu iliyokuwa na TWRP mara nyingi data yake iliondolewa usimbaji, na mfumo wa kiwandani unaweza kuikataa. Usiweke picha za mzee kwenye bahati nasibu hiyo.

Basi kazi ya kwanza ni picha, na iwe ya leo. Unganisha simu na kompyuta, nakili folda ya picha, DCIM, yote. Sauti za WhatsApp ziko kwenye folda iitwayo WhatsApp Voice Notes. Itafute sehemu mbili: folda ya WhatsApp iliyo nje kabisa ya hifadhi, na nyingine iliyo ndani ya Android, kisha media. Simu ya zamani iliyosasishwa inaweza kuwa nazo zote mbili, na sauti za zamani zikawa kwenye ile usiyoitazama. Ukimaliza, chomoa waya, fungua picha tano na sauti tano pale pale kwenye kompyuta, usikilize. Kisha nakili tena kwenye flashi. Usiendelee mpaka umesikia sauti ya mzee ikitoka kwenye spika ya kompyuta.

La pili, zima simu, ingia TWRP (sauti ya juu, kitufe cha katikati na cha kuwashia kwa pamoja), nenda sehemu ya nakala, weka alama kwenye EFS peke yake, hifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu, nayo uipeleke kwenye kompyuta. EFS ni sehemu ndogo sana, lakini ndimo zilimo namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu. Ikiharibika huna simu, una kamera. Na mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu zenye IMEI bandia, hakuna anayetaka kupita njia hiyo. Piga *#06# kabla ya kuanza, andika namba zote mbili kwenye karatasi.

La tatu, hakikisha unaijua barua pepe ya Google iliyo kwenye simu pamoja na nywila yake. Baada ya kufutwa, simu itaiuliza. Kama ni ya mdogo wako, iondoe kwanza kwenye mipangilio.

Fimwea: tafuta ya SM-G930F, FD yako inatumia hiyo hiyo. Usichukue ya G930A, G930T wala G930V, hizo ni za Marekani zenye chipu nyingine. Angalia namba ya toleo lililomo kwenye simu sasa, hesabu herufi kutoka mwisho: ya tano kutoka mwisho ni namba ya butiloda, programu ndogo inayoanzisha simu. Faili unalopakua lazima liwe na namba hiyo hiyo au kubwa zaidi. Ikiwa ndogo simu itakataa, hakuna ujanja. Faili ni zito, andaa bando.

Kisha Odin, programu ya kuweka fimwea kwenye simu za Samsung, kwenye Windows, pamoja na viendeshaji vya USB vya Samsung. Simu ikiwa imezimwa, bonyeza sauti ya chini, katikati na kuwasha, linakuja onyo, bonyeza sauti ya juu. Ukiunganisha waya, kisanduku kimoja kwenye Odin kinageuka bluu. Weka mafaili manne ya fimwea, BL, AP, CP na CSC, kila moja mahali pake. Ukiweka AP, Odin itaonekana imeganda dakika kadhaa. Haijaganda, inakagua faili, iache. Alama ya Re-Partition isiwepo. Betri iwe zaidi ya nusu. Halafu anza, na mtu asiguse waya.

Mhazini wa Kihonda

Mungu akubariki kaka Nahodha. Nimenakili picha usiku huu. Kweli sauti zilikuwa sehemu mbili! Ile folda ya nje ndiyo ilikuwa na za 2019, ningeziacha. Nimesikiliza moja, anauliza kama nimefika salama.

Swali moja. Nimesoma mahali kuhusu KNOX, ulinzi wa Samsung ulio ndani ya simu, kwamba hata nikiondoa ruti simu haiwi tena kama mpya?

Bi Salama

Ni kweli. Kuna fyuzi ndani ya chipu. Siku mdogo wako aliyoweka TWRP ilibadilika kutoka 0x0 kwenda 0x1, na hairudi, hata kwa fimwea ya kiwandani. Utakachokosa ni vitu vya Samsung vinavyotegemea hiyo fyuzi, kama Secure Folder na Samsung Pay. Programu za benki kwa kawaida hazitazami hapo, zinatazama kama kuna ruti na kama mfumo ni halisi. Akija mtu akakwambia atakurudishia KNOX kwa malipo, usimpe hela yako.

Mzee wa Kadi Mbili

Mimi ni mpenzi wa ruti na sitaki ionekane ni uovu. Simu yangu ya 2014 ingekuwa jalalani, ruti ndiyo iliyoniwezesha kung'oa programu za kiwandani zilizokula hifadhi yote, na leo wanangu wanasomea kwayo. Kwa simu isiyoshika fedha, bado nitaruti.

Ila dada, kuna jambo hawajakwambia. S7 ilitoka 2016 na imeishia Android 8.0. Tangu 2020 haipati tena sasisho za kawaida za usalama. Kuondoa ruti kutaifanya benki ikubali, hakutaifanya simu kuwa salama kama ya leo. Tumia Jumamosi, lakini ombeni kikundi kitenge fedha ya simu ndogo mpya, ikae kwa kazi hiyo tu, isiwekwe michezo wala kupewa watoto.

Nahodha wa Faili

Naunga mkono, Mzee amesema kweli. Nilipaswa kuliandika hilo mwenyewe.

Mhazini wa Kihonda

Wakuu, mrejesho.

Nimeanza saa mbili usiku. Nilipoanza Odin mara ya kwanza iliandika FAIL nyekundu karibu mwanzoni kabisa. Mikono ilitetemeka. Nikakumbuka waya niliokuwa natumia ni wa kuchajia tu wa dukani, kichwa chake kinalegea. Nikaazima wa jirani, nikabadilisha na tundu la kompyuta, nikawasha simu upya kwenye ile skrini ya onyo. Safari hii msitari ukajaa polepole, ikaandika PASS ya kijani. Simu ikajiwasha, ikakaa kwenye nembo ya Samsung kama dakika kumi. Mtu angeweza kusema imekufa. Niliiacha, kama mlivyosema kuhusu Odin.

Imefunguka lugha ya kuchagua. *#06# namba zote mbili ni zile zile za kwenye karatasi. Programu ya benki imeingia, imeniomba nywila, imenionyesha salio la kikundi. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Picha nimeshazirudisha. Flashi ya pili nimempa dada yangu mkubwa akae nayo Dodoma. Suala la simu ya kikundi nitalipeleka Jumamosi kama ajenda ya tatu.

Swichi ya OEM sasa naweza kuizima?

Mwana wa Pangani

Sasa ndiyo, dada. Zima kwanza simu na uiwashe mara moja zaidi uone inafunguka vizuri, kisha ndiyo uguse swichi.

Nahodha wa Faili

Na lile faili la EFS usilifute hata kama simu imepona. Liweke pamoja na picha za mzee.