Naomba ushauri: kufunga injini iliyofanyiwa ovahoo nyumbani, Corolla AE100

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Nina Corolla AE100, injini 5A-FE, giaboksi ya manyuali. Injini ilichemsha mpaka hedi ikapinda. Nimepata nyingine ya aina hiyohiyo iliyofanyiwa ovahoo: silinda zimechongwa, pistoni, ringi na beringi ni mpya. Nataka kuifunga mwenyewe nyumbani. Ninayo chenibloku, spana za kutosha, na ndugu yangu atanisaidia. Je, nitoe injini pamoja na giaboksi au nizitenganishe zikiwa ndani? Na siku ya kuwasha nianzie wapi? Gari hili nalipenda, nataka lidumu. Natanguliza shukrani.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, zitoe pamoja. Kwenye gari la kuvuta mbele, kupanga shafti ya giaboksi na pleti ya klachi ndani ya nafasi finyu kutakutesa bure. Mwaga oili ya giaboksi, chomoa draivu shafti, toa boneti. Kompresa ya AC ifungue bolti tu uifunge kando kwa kamba, mabomba yake usiyaguse, gesi ibaki humo.

Kabla ya kuchomoa soketi yoyote piga picha, kisha bandika kila waya karatasi yenye namba. Na boriti utakayotundikia chenibloku ihakikishe kwanza, maana huo mzigo unazidi kilo 100. Mtu asiingize hata mkono chini yake ukiwa unaning'inia. Gari nalo likae juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake.

Mchangiaji wa 2

Mimi nina swali moja: ile ya kwanza ilichemsha kwa sababu gani?

Mleta mada

Sikupata jibu la uhakika mkuu. Feni ilikuwa inawaka. Maji yalikuwa yanapungua kidogo kidogo.

Mchangiaji wa 2

Basi hapo ndipo pa kuanzia, hata kabla ya kushika spana. Kilichoua injini ya kwanza bado kimo ndani ya gari, na hii mpya unaenda kuikabidhi kwa muuaji yuleyule. Rejeta ipelekwe ikapimwe kwa presha na kuzibuliwa. Badilisha kifuniko chake, thermostati na mipira yote ya maji, hata ile midogo ya hita ambayo watu huisahau kwa sababu imejificha nyuma. Pampu ya maji ikiwa na mchezo au alama ya kuvuja, weka mpya. Tafadhali usiruke hili, ovahoo nyingi nzuri zimekufa kwa rejeta ya zamani.

Injini ikiwa bado iko chini, badilisha pia oili sili ya nyuma ya krenki, pleti na beringi ya klachi, na mauntingi (mipira inayoshikilia injini) zilizochoka.

Mchangiaji wa 3

Kuhusu kuwasha. Jaza oili, toa plagi zote nne, chomoa soketi ya distribyuta ili cheche zikatike na injekta zisimwage petroli. Piga stata kwa vipindi vifupi, ukiipumzisha katikati, mpaka taa ya oili izime. Hapo oili imefika kwenye beringi. Stata ikizunguka kwa uzito, angalia waya wa ethi kati ya injini na bodi, husahaulika sana.

Ikishawaka, unganisha kwa waya matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi, kisha weka taiming (wakati wa cheche kuruka) digrii 10 kabla ya TDC, yaani kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa taa ya kupimia taiming. Toa hewa kwenye mfumo wa maji, kagua uvujaji.

Mchangiaji wa 1

Naongezea: usiiache ikiunguruma sailensa (bila kukanyaga mafuta) nusu siku eti unailainisha. Ringi hukaa kwa mzigo. Ikipata joto na ikiwa haivuji, ingia barabarani, kanyaga kiasi, achia ijizuie kwa gia, rudia. Usiikimbize sana wala usishikilie mwendo mmoja muda mrefu. Tumia oili ya kawaida ya madini, uimwage mapema pamoja na filta, kwenye kilomita 500 hivi, kwa sababu itakuwa na chembe za chuma.

Mleta mada

Nawashukuru sana wakuu. Rejeta naitoa kesho ikapimwe, injini itasubiri majibu yake.

Mchangiaji wa 2

Safi. Wakiifungua waambie wakuonyeshe mirija ya ndani. Ikiwa mingi imeziba, usihangaike kuizibua, tafuta nyingine.